Kuku Wako Wasife Ovyo: Ujue Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Mkulima, huenda una ng'ombe wawili wa maziwa, kipande cha viazi, mistari ya kabichi, na kuku kumi na watano wanaozunguka nyumba. Ng'ombe akikataa majani asubuhi, jioni umekwisha kumwita Bwana Mifugo. Lakini kuku akijikunyata pembeni na kufunga macho, wasema, "Ni kuku tu," na kwenda shambani.

Piga hesabu vizuri. Tetea mmoja wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka. Ukiwa na matetea 10, hayo ni mayai 400 hadi 600, mbali na vifaranga watakaoanguliwa na majogoo utakaouza. Fedha hiyo ndiyo inunuayo chumvi, sabuni na daftari za watoto, wala haingoji bonasi ya kahawa wala malipo ya maziwa ya mwisho wa mwezi. Tena katika nyumba nyingi ni fedha ya mama, naye huitumia kwa jambo lililo la lazima siku hiyo. Kuku wote wakifa kwa juma moja, hasara hiyo haitalipwa na mtu.

Katika nchi ya Kieni, toka Endarasha na Mweiga hata Naro Moru, mashamba mengi yaligawiwa wananchi kutokana na mashamba makubwa ya walowezi kuanzia mwaka 1962. Vivyo hivyo katika sehemu nyingine za kuzunguka Mlima Kenya. Nyumba zetu leo ziko karibu karibu, na kuku wa jirani hula pamoja na kuku wako. Kwa hiyo ugonjwa wa kuku haujui mpaka wa shamba. Ukikaa bila kuukinga kwako, umeufungulia mlango wa kwa jirani pia.

MAKUNDI MATATU YA MAGONJWA

Wakulima wengi hupoteza fedha kwa sababu hununua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kuku anahara, mtu anakwenda dukani, ananunua unga wa rangi ya njano, anautia katika maji. Kuku wanakufa vilevile. Hapo husema, "Dawa za siku hizi hazina nguvu." Huenda dawa ni nzuri, ila si ya ugonjwa ule.

Weka akilini makundi haya matatu. Kundi la kwanza ni magonjwa ya virusi, kama kideri, ndui na Gumboro. Haya hayana dawa ya kuyaponya. Hukingwa kwa chanjo tu, nayo hutolewa wakati kuku ni wazima. Kundi la pili ni magonjwa yenye dawa, kama kuhara damu kwa vifaranga na homa ya matumbo ya kuku. Kundi la tatu ni taabu ziletwazo na banda bovu: baridi, unyevu, utitiri, chawa na minyoo. Taabu hizi huondolewa kwanza kwa ufagio, jembe na msumari, ndipo kwa dawa.

KIDERI, ADUI MKUBWA KULIKO WOTE

Ugonjwa unaomaliza kuku wa kienyeji kuliko mwingine wowote ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Katika maduka ya dawa za mifugo utausikia kwa jina la Newcastle. Jina hilo latokana na mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza, ambako uligunduliwa mwaka 1926. Mwaka huohuo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Hapa Kenya ulithibitishwa karibu na Mombasa mwaka 1935, na tangu hapo umeenea nchi nzima.

Dalili zake ni hizi. Kuku hunyong'onyea, manyoya yamesimama na mabawa yameshuka. Huhema kwa kufungua mdomo, hukoroma, na makamasi humtoka. Kinyesi huwa majimaji ya rangi ya kijani. Matetea huacha kutaga, au hutaga mayai yenye ganda laini. Baadaye wengine hupooza miguu, na wengine hupinda shingo mpaka kichwa kinatazama nyuma. Ukiona shingo zilizopinda pamoja na vifo vingi kwa siku chache, fikiri kideri kwanza. Katika kundi lisilochanjwa wanaweza kufa kuku tisa katika kila kumi, hata wote.

Kideri huja kwa njia nyingi. Virusi vyake hukaa katika kinyesi, makamasi na mate ya kuku mgonjwa. Hubebwa na viatu vyako utokapo sokoni, na vikapu na matenga ya mchuuzi, na magurudumu ya baiskeli na pikipiki, na manyoya yaliyotupwa njiani. Hubebwa pia na kuku uliyempata zawadi arusini au uliyemnunua Karatina kwa bei nafuu. Njiwa wa watoto nao huweza kuugua, basi wasisahauliwe. Kuku aweza kuwa na ugonjwa ndani yake siku tano au sita, na pengine hata majuma mawili, kabla hujaona dalili yoyote. Ndiyo maana kuku uliyemnunua akiwa mzima Jumanne aweza kuliua kundi lako juma lifuatalo.

JINSI YA KUCHANJA

Chanjo ya kideri ipo, na bei yake kwa kila kuku ni ndogo kuliko bei ya yai moja. Hapa nchini hutengenezwa na taasisi ya Serikali iitwayo KEVEVAPI, nayo huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Kwa kuku wa kienyeji, uliza ile iitwayo I-2. Hiyo ilitokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walioitafuta kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingine. Hata hivyo usiiache juani wala juu ya jiko. Ichukue dukani ikiwa ndani ya chombo chenye barafu, au ifunge katika kitambaa kibichi ndani ya kikapu, na kuitumia mapema.

Kuna neno moja linalowazuia wakulima wengi. Chupa moja mara nyingi hutosha kuku mia moja au zaidi, nawe una kuku kumi na watano. Usiseme, "Nitapoteza fedha." Patana na majirani saba au wanane. Changeni fedha, mchagueni mmoja wa kununua chanjo, na mpange siku moja. Kufanya hivyo kuna faida mbili: gharama hupungua, na kuku wa kijiji kizima hukingwa kwa siku moja. Kuchanja kuku wako peke yao huku wa majirani hawakuchanjwa ni kuacha moto karibu na paa lako.

Siku ya kuchanja, fanya hivi. Wafungie kuku bandani tangu usiku, kwa maana ukiwafungulia hutawakamata. Changanya chanjo kama kibandiko kinavyoeleza. Mshike kuku kwa upole, mlaze ubavu, jicho moja litazame juu. Dondosha tone moja tu ndani ya jicho, pasipo kugusa jicho kwa ncha ya chupa. Ngoja mpaka apepese jicho na tone lizame, ndipo umwachilie. Kuku mkubwa hupata tone moja, na kifaranga hupata tone lilelile moja. Usiwape vifaranga nusu wala majogoo mawili.

Chanjo nyingine hutiwa katika maji ya kunywa. Ukitumia njia hiyo, wanyime maji kwa saa chache ili wawe na kiu, na utumie maji ya mvua au ya kisima yaliyo safi. Maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya klorini huiua chanjo. Lakini kwa kundi dogo, tone la jicho ni hakika zaidi, kwa sababu wewe mwenyewe wajua ni nani amepata.

Kinga huanza kupata nguvu baada ya juma moja hadi mawili, nayo hupungua baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hiyo rudia kila miezi mitatu. Ili usisahau, shika miezi hii: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Chanjo ya Novemba ni ya maana sana, kwa kuwa kabla ya Krismasi kuku wengi hununuliwa, huuzwa na kusafirishwa huku na huku, na ugonjwa husafiri nao. Mayai ya kuku waliochanjwa hayana neno. Kula na uuze.

KIDERI KIKIISHA KUINGIA

Kideri kikiisha kuingia bandani, usikimbilie chanjo kwa kuku wagonjwa, haiwaponyi. Tena usiwachukue sokoni upesi upesi "kabla hawajafa". Hili ndilo kosa kubwa linaloueneza ugonjwa toka kijiji hata kijiji. Mtu auzaye kuku mgonjwa amempelekea mwenziwe msiba kwa shilingi chache, na kesho mchuuzi yuleyule ataurudisha ugonjwa huo katika kijiji cha muuzaji.

Watenge wagonjwa mara moja. Waliokufa wachomwe, au wafukiwe katika shimo refu na kumwagiwa chokaa. Usiwatupie mbwa, wala usiwatupe mtoni. Fagia banda, choma matandiko ya zamani, osha vyombo kwa sabuni, kisha upake dawa ya kuua vijidudu. Nawa mikono yako, wala usijiguse macho, maana virusi vya kideri vyaweza kuyafanya macho ya mtu yawe mekundu na kuuma. Wape habari majirani na Ofisi ya Mifugo ya karibu. Usione haya kupiga ripoti. Kuku wengi wakifa kwa ghafula, Serikali yapaswa kujua, kwa sababu hata homa ya mafua ya ndege huanza kwa vifo vya namna hiyo, nayo huweza kumwingia mtu.

NDUI YA KUKU

Huu huonekana wazi. Vipele na magamba meusi hutoka juu ya undu, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, na kwenye ndevu za kidevuni na kando ya macho. Pengine macho hufunga kabisa, na kuku hufa kwa njaa kwa kuwa haoni chakula. Mbu ni mmoja wa wabebaji wake, kwa hiyo mwaga maji yaliyotuama karibu na banda.

Ndui haina dawa ya kuiponya, lakini kuku wengi hupona wakitunzwa. Usibandue magamba, kwa maana utatoa damu na kuueneza ugonjwa. Paka magamba dawa ya iodini au mafuta ya kulainisha. Osha macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Mwekee mgonjwa chakula laini na maji karibu naye, na umpe sukuma wiki iliyokatwakatwa. Wale wazima wachanjwe. Chanjo hii hutiwa kwa sindano katika ngozi nyembamba ya bawa. Baada ya juma moja tazama mahali pale. Kivimbe kidogo kikionekana, jua chanjo imeshika.

KUHARA DAMU NA GUMBORO

Vifaranga wa majuma matatu hadi sita wakijikunyata, na kinyesi kikionekana na damu, yaelekea ni kuhara damu. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vinavyokaa katika matandiko yenye unyevu. Masika ya Machi hadi Mei, na mvua za vuli, ndiyo majira yake. Dawa yake ipo: uliza dukani ile yenye jina amprolium, uipime katika maji kama kibandiko kisemavyo, na umalize siku zote zilizoandikwa. Lakini dawa bila matandiko makavu ni kazi bure. Maranda ya mbao yaliyolowa karibu na chombo cha maji yatolewe kila siku na kuwekwa makavu. Chombo cha maji kiinuliwe juu ya tofali ili vifaranga wasiingize miguu na kinyesi.

Gumboro nao huwapata vifaranga wa umri huohuo, nao huhara maji meupe na kufa upesi. Jina lake latokana na mahali paitwapo Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani. Hauna dawa. Kwa wale wanunuao vifaranga wa siku moja, wa mayai au wa nyama au wale wa kienyeji walioboreshwa, mwulize aliyewaangua wamechanjwa nini, na akupe ratiba ya chanjo zilizobaki. Iandike ukutani na uifuate kwa tarehe.

HOMA YA MATUMBO

Kuku wakubwa wakifa mmoja mmoja, siku hadi siku, undu zao zikiwa zimepauka, na kinyesi kikiwa cha njano au kijani, yaweza kuwa homa ya matumbo ya kuku. Hii huletwa na bakteria na hutibika, lakini kwa dawa aliyoichagua mganga wa mifugo. Kuku aliyepona aweza kuendelea kuubeba ugonjwa na kuupitisha katika mayai, kwa hiyo usimwatamishe. Chanjo yake nayo ipo.

Hapa sikiliza onyo. Usivunje vidonge vya binadamu na kuvitia katika maji ya kuku. Usiwape kuku wazima dawa za bakteria "kwa kuzuia". Bakteria huzoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli haitafanya kazi, kwa kuku wala kwa mtoto wako. Tena soma siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kabla hazijaisha, mayai na nyama zisiliwe wala zisiuzwe.

BARIDI YA MLIMA

Usiku wa nchi yetu ni mkali, hasa Juni hata Agosti wakati wa ukungu. Vifaranga wengi hufa kwa baridi, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa. Majuma manne ya kwanza wapewe joto: taa, au jiko la makaa lililozungushiwa kizuizi cha karatasi ngumu ili wasijichome wala wasijibane pembeni. Jiko hilo liwashwe nje mpaka moshi uishe, na banda liwe na tundu la hewa upande wa juu, kwa sababu hewa ya makaa huua vifaranga na hata mtu.

Huna haja ya kipima joto. Vifaranga wenyewe watakuambia. Wakirundikana karibu na moto na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia mbali na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika, wanakula na kulala popote, joto ni la kutosha.

UTITIRI, CHAWA NA MINYOO

Kuku akikonda huku anakula, au mtetea akikimbia mayai usiku, chukua tochi uende bandani. Chungulia nyufa za mbao na chini ya fito za kulalia. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kunyonya damu usiku. Toa viota vya zamani uvichome, ziba nyufa, pulizia dawa, na uwawekee kuku sanduku la majivu makavu na mchanga waoge. Minyoo wapewe dawa kila miezi mitatu, na ni vema iwe siku chache kabla ya chanjo.

USIPOJUA, ULIZA

Pengine dalili zitakuwa zimechanganyika. Hapo usibahatishe. Mtie kuku mgonjwa, au aliyekufa saa ile ile, katika mfuko safi usiovuja, ukamweke mahali pa baridi, na umpeleke katika maabara ya uchunguzi wa mifugo iliyopo Karatina, au umwombe Afisa wa Mifugo wa wadi akusaidie kumfikisha. Kuku aliyeoza hawezi kuonyesha kitu. Mweleze umri wake, walikufa wangapi, walichanjwa lini, na kama uliingiza kuku mgeni.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Chanja kideri kila Februari, Mei, Agosti na Novemba, pamoja na majirani.

2. Kuku mgeni akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine. Mhudumie yeye mwisho.

3. Banda liwe kavu, lenye hewa, na maji safi kila siku.

4. Kuku mgonjwa asiuzwe, asitolewe zawadi, asitupwe.

5. Andika katika daftari tarehe ya kila chanjo, kila dawa na kila kifo.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa kideri kinga ndiyo pekee. Juma hili hesabu kuku wako, kisha uende kwa jirani umwulize ana wangapi. Mkifika mia moja kwa jumla, chupa moja imepata wenyewe, na kijiji chenu kimeanza kazi.